Kitambaa Cheupe cha Bibi wa Buzuruga

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za tangu asubuhi. Na ninyi mliokaa pale nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, msiogope. Sitamtaja mtu kwa jina leo, si aliyenisaidia wala niliyemuumiza. Nitajitaja mimi tu, na mimi mnanijua.

Mimi ni mfumaji. Nilifundishwa na masista kule Muleba nikiwa msichana, na tangu hapo sindano ya kufumia haikunitoka mkononi. Makochi ya nyumba nyingi za Mkolani, hapa Mwanza, yamevaa vitambaa vyangu. Nilipoolewa tulijenga vyumba viwili kule juu kwenye mawe. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, akapata kazi upande wa Geita. Mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi, baadaye kila baada ya miezi mitatu, na mwishowe hakuja tena. Tukabaki mimi na binti yetu mmoja.

Sasa najua mnavyowaza. Watu wakisikia habari za mlevi wanatafuta sababu, na mimi nikisema mume aliondoka, mnatikisa kichwa, mnasema, ah, kumbe. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilianza kunywa wakati mume bado anakuja. Kiuno kiliniuma kwa kukaa sana. Jirani yangu alikuwa akiuza gongo. Akanipa nusu kikombe, maumivu yakatulia. Basi. Hakuna hadithi nyingine hapo. Ufumaji ni kazi ya kukaa nyumbani peke yako, mlango umeurudishia, kikombe kiko pembeni. Anayepita anaona mama anafuma anakunywa chai. Nani atajua ndani mna nini?

Wengine pombe huwakamata miguu. Mimi ilinikamata kwenye hesabu. Ninyi akina mama mnaofuma mnajua, ua moja lina vitanzi vyake. Ukikosea kimoja kwenye mstari wa tatu, ukifika wa kumi kitambaa kinakunja uso, hakilali mezani. Nikawa nafuma mchana, kesho yake nafumua. Nafuma, nafumua. Nikichoka nacho nakitupa kwenye shangazi kaja, lile begi kubwa la miraba, nalisukumia uvunguni. Naanza kingine. Kuanza ni kutamu. Mteja analeta uzi wake, mnachagua ua pamoja, anakusifu, anakwenda zake ana furaha. Kumaliza ndiko kulinishinda. Lile begi lilijaa. Kulikuwa na vitambaa vya makochi vya mwalimu mmoja, vinne kati ya kumi na mbili. Kulikuwa na shali ya mtoto mchanga ambayo haikufika hata nusu. Kulikuwa na mapazia ya mlango, na vitu ambavyo hata aliyeviagiza nilishamsahau.

Na kulikuwa na kitambaa cheupe.

Mwenye kitambaa kile alikuwa bibi mmoja wa Buzuruga, Msukuma, mjane wa miaka mingi. Alikuja kwangu na mfuko wa madonge ya uzi wa pamba. Aliniambia alikuwa anayanunua moja moja, kila alipojaliwa. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaniambia, "Mayu, nataka kitambaa cha kunifunika."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Alikuwa na umri wa kunizaa, lakini ndivyo alivyoniita.

Nikamwuliza, "Cha kitandani, bibi?"

"Cha jenezani."

Nilicheka, nikamwambia bibi wewe una miaka mingi bado. Yeye hakucheka. Alinionyesha kwa mikono urefu na upana, akataka maua makubwa katikati na madogo pembeni. Akasema maisha yake yote amevaa nguo za kupewa, na siku ile anataka kuvaa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Alikuja mara ya kwanza kukiangalia nikamwambia bado kidogo. Alikuja mara ya pili nikamwambia bado kidogo. Wakati huo kilikuwa robo tu. Nami sikukigusa tena, kwa sababu siku moja sikuwa na cha kunywa. Nikachukua madonge ya bibi yaliyobaki, nikampa mfumaji mwenzangu, naye akanipa cha kunitosha siku mbili. Uzi ule mama yule aliukusanya kwa miaka, ndugu zangu. Mimi niliunywa kwa siku mbili.

Mara ya tatu alipokuja alinikuta nimelala sakafuni, nimejitapikia. Mchana kweupe. Nakumbuka vipande vipande. Nakumbuka maji usoni, na mkono mgumu mgumu ukinifuta. Nakumbuka akifagia. Alinilaza ubavu, akaniwekea kanga chini ya kichwa, akaketi mpaka binti yangu aliporudi kutoka shule. Binti akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako ana homa, mwache alale." Akaondoka. Habari ya kitambaa hakuigusa.

Hakuja tena. Nami nilifurahi hakuja, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kudanganya.

Kama mwaka hivi ulipita. Asubuhi moja mlango ukagongwa. Ni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Akasema, "Mimi ni binti wa yule bibi wa Buzuruga. Mama amefariki alfajiri. Nimekuja kuchukua kitambaa."

Nikamwambia, bado kidogo. Ulimi ulijisemea wenyewe. Akasema, "Bado kidogo vipi? Mama alituambia kimeisha zamani. Alisema kiko kwako, umekifua, umekitunza, asikichafue nyumbani. Kila tukimwuliza alisema kiko kwa mayu wa Mkolani, ni kizuri sana, mtakiona siku hiyo."

Mnanisikia? Bibi yule alijua. Aliniona nimelala kwenye matapishi yangu, akajua kitambaa chake hakipo, na akarudi kwa watoto wake akanificha aibu. Alikisifia kitambaa ambacho hakikuwepo.

Yule binti akaniambia, "Kilete basi hivyo hivyo." Nikavuta begi. Nikatoa kile kipande. Kilikuwa kimekunjamana, kimeingia vumbi, na panya walikuwa wameshaonja pembe moja. Alikishika kwa vidole viwili. Akakiweka juu ya kiti. Hakunitukana. Aligeuka akashuka na njia ya mawe, na mimi nikabaki mlangoni nikitamani angenitukana.

Mngependa sasa niseme siku ile niliacha pombe. Hata mimi ningependa. Siku ile nilikunywa zaidi ya siku zote. Msibani sikwenda.

Aliyekwenda ni binti yangu. Alikuwa kidato cha pili. Alisikia habari njiani, akaenda Buzuruga peke yake na sare zake za shule. Aliporudi alisimama mbele yangu, hajaweka hata begi chini.

"Mama, wamemfunika na shuka la kitandani. La maua ya bluu."

Nilivuta kikombe karibu.

"Mimi nilisimama nyuma kabisa, ili wasiniulize ni mtoto wa nani."

Akaingia chumbani, akakunja nguo zake, akaenda Usagara kwa mama yake mdogo, ndiye mdogo wangu wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka kumi na tano alinihama mimi mama yake. Na mimi sikumfuata. Niliona nimepata nafasi ya kunywa bila kuangaliwa.

Nilikaa hivyo miezi mingi. Sitawasimulia yote, mengine hayafai mbele ya wazee. Nitawaambia siku moja tu.

Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi, watu wanakwenda sokoni. Nilikuwa nimeanguka pembeni ya barabara, karibu na daraja dogo la mtaro, na sijui nilianguka saa ngapi. Maji yalikuwa yamenipita, nguo zimelowa, mwili umekufa ganzi. Macho yalikuwa yamefumba, hayafunguki. Lakini masikio yalisikia. Nikasikia akina mama wamesimama juu yangu.

Mmoja akasema, "Jamani, huyu si ni yule mama wa vitambaa?"

"Ndiye. Maskini. Amekufa."

"Ana mtu wa kumpigia simu?"

"Alikuwa na mtoto. Mtoto alimkimbia."

Halafu nikasikia kitu cha joto kinashuka juu yangu, kinanukia sabuni. Mmoja wao alikuwa amejifungua kanga yake akanifunika. Akaanzia miguuni, akaivuta mpaka juu, akanifunika na uso.

Ndugu zangu, niko hai chini ya ile kanga. Nawasikia wanaomba Baba Yetu. Nataka kusema sijafa, mdomo haufunguki. Ndipo nikamwona yule bibi. Simaanishi maono, msije mkasema nimeota. Nilimkumbuka tu. Nikawaza, mwanamke ambaye hata jina langu halijui ameniona mtaroni amenivulia kanga yake, na mimi niliyepewa uzi mkononi nilimwacha mtu akafunikwa shuka la kitandani. Nililia. Nadhani ni kule kulia kulikotikisa kanga, maana mmoja alipiga yowe, "Anapumua!" Wakanigeuza, wakanitapisha maji, wakanibeba.

Hapo ndipo nilipogeuka. Kupona kulikuja baadaye sana.

Walimpata mdogo wangu kwa simu. Akaja na gari la kukodi, akanipeleka kituo cha afya kabla ya kwao, kwa maana daktari alikuwa amemweleza kuwa mtu aliyekunywa miaka mingi akikatishwa ghafla bila dawa anaweza kufa. Kumbukeni hilo, ninyi mnaowafungia ndugu zenu ndani mkidhani mnawasaidia. Nililazwa. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Niliona siafu ukutani ambao hawakuwepo. Nilimtukana mdogo wangu matusi ambayo mama yetu marehemu angefufuka akayasikia, angerudi kaburini mwenyewe. Mdogo wangu alinijibu neno moja tu, "Kula, dada."

Nikahamia kwake Usagara. Binti yangu alikuwemo katika nyumba ile ile, na hakuniongelesha. Alinisalimia shikamoo kwa sababu mama yake mdogo alikuwa anamwangalia. Mimi nikila sebuleni, yeye anakula jikoni. Hapo ndipo nilipoanza kuja kwenye kikundi hiki chetu cha kuacha pombe, kila Jumamosi, nakaa pale pale mlipokaa ninyi wa nyuma, sisemi.

Kilichonitesa kuliko hamu ya pombe ni mikono. Haikuwa na kazi. Inatetemeka, inatafuta kikombe. Mdogo wangu akaenda Mkolani kuangalia nyumba, akarudi na lile begi la miraba. Akalimwaga lote mbele yangu.

Nikamwambia, "Kachome moto."

Akasema, "Dada, mimi sifumi. Lakini naona hapa kuna watu kumi wanakusubiri. Chagua mmoja."

Nilichagua kilicho kidogo kuliko vyote, ile shali ya mtoto. Siku ya kwanza nilifuma vitanzi sita. Sita tu, jasho linanitoka. Siku ya pili nikafumua vinne. Vidole havikutii na hesabu haikukaa kichwani. Nafika kumi na moja, napotea. Narudia, napotea. Siku moja nimekaa mezani nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na binti yangu amekaa upande wa pili anafanya kazi zake za shule. Nikasema, "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na saba..."

"Umeruka," akasema. Hakuinua kichwa. "Rudi kumi na sita."

Ndilo neno la kwanza alilonipa kwa hiari yake tangu aondoke nyumbani. Nikarudi kumi na sita.

Kuanzia hapo nilimaliza kimoja kimoja, na kila kilichoisha nilikipeleka kwa mwenyewe. Msidhani ilikuwa raha. Mwalimu alicheka sana, akasema makochi yale alishagawa, akavipokea akaviweka kabatini, akanipa chai. Mama wa shali hakucheka. Mtoto wake alikuwa ameshaanza darasa la kwanza, alikuwa pale uani anacheza rede. Yule mama aliitazama shali, akanirushia. Akasema, "Nilimfunika kwa kanga zangu na akakua. Nenda nayo." Nikaiokota, nikaondoka. Alikuwa na haki yake.

Kitambaa cheupe nilikiacha mwisho kwa sababu nilikiogopa. Nilikata pembe ile ya panya nikaifuma upya. Uzi wa kuendelea nao nikautafuta mjini, duka kwa duka, sikupata unaofanana. Ule wa bibi ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa kwa kukaa, huu mpya ni mweupe wa kuumiza macho. Mdogo wangu akasema nikifue kwa dawa ya kung'arisha. Nilikataa. Nilifuma miezi minane. Ukikitandika unaona wazi uzi wake ulipoishia, robo ya kwanza, na wangu ulipoanzia.

Nikakipeleka Buzuruga. Alinifungulia yule binti yake mwenyewe. Hakusema karibu.

Nikamwambia, "Nimeleta kitambaa cha mama."

"Mama ana mwaka wa tatu kaburini."

"Najua."

"Sasa nikifanyie nini? Nikafukue?"

Nilipiga magoti pale pale kizingitini. Alikichukua, akakikunjua, akakinyoosha juu ya meza ya ndani, akapitisha kidole kwenye ule mpaka wa rangi mbili. Akauliza, "Hapa pana nini?"

Ningeweza kusema uzi uliisha dukani. Nikasema, "Hapo uzi wa mama yako uliishia. Mwingine niliunywa."

Nje wapiga debe walikuwa wanaita kule stendi ya mabasi, abiria wa wapi, abiria wa wapi. Kisha akaniambia, "Ondoka. Kitambaa kiache."

Nikaondoka nikijua yameishia hapo. Niliumia, lakini sikunywa. Nilikuja hapa Jumamosi ile, nikasema kwa mara ya kwanza.

Baada ya miezi miwili hivi akanipigia simu. Hakunisalimia. Alisema mtaani kwao amefariki mama mmoja mpangaji, hana ndugu hapa Mwanza, na jeneza lake halina cha kufunikia. "Kimekunjamana," akasema. "Njoo ukipige pasi." Nilikwenda. Nikapiga pasi mbele yake. Kabla jeneza halijashushwa alikiondoa, akakikunja, akanipa nikakifue. Tangu siku ile kimefunika watu wanne wa mtaa ule, wote watu wasiokuwa na kitu. Kila mara ananiita mimi. Kusema amenisamehe, hajasema. Siku moja tu alinimiminia uji.

Mimi nilisharudi nyumbani Mkolani, lakini binti yangu bado anaishi Usagara. Anakuja Jumapili. Akifika huchukua kikombe changu akakinusa kwanza, ndipo aketi. Namwacha anuse.

Nawashukuru akina mama wale wa mtaroni, ambao sijawapata mpaka leo. Kama mmoja yuko humu, mama, kanga yako niko nayo, imefuliwa. Namshukuru mdogo wangu aliyeyabeba matusi yangu kama mzigo wa kuni. Nawashukuru wahudumu wa kile kituo. Nakishukuru kikundi hiki, kwa Jumamosi zote mlizoniacha nikae kimya bila kuniuliza. Na bibi, popote alipo, namshukuru kwa aibu aliyonifichia, ingawa ni aibu ile ile iliyonichoma mpaka nikaamka.

Mafunzo sina mengi. Najua wengi wenu mna kitu cha mtu uvunguni. Si lazima kiwe uzi. Mnangoja mpone kabisa, mpate maneno mazuri, ndipo mwende. Msingoje. Mtu akikurushia kitu chako usoni, akikufukuza mlangoni, hiyo nayo ni bahati, ndugu zangu. Mimi niliyekwenda kwake hakuwa na mdomo tena wa kunigombeza. Nendeni mkagombezwe.

Asanteni kwa kunisikiliza.